Kompyuta Niliyoifukiza Udi

Hivi wewe, umewahi kusimama kwenye ua wa kwenu ukatapika, na huo ua wenyewe bahari ilishaula miaka mingi? Hujawahi. Basi kaa hapo nikwambie, maana mimi nimetapikia pale mara tatu, na ya nne niliyameza matapishi.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nikianza kusimulia huwa nacheka, kucheka kunakuja mwanzoni. Mwishoni ndiyo hakuna.

Kwetu ni huko njia ya Mbegani, ufukweni kabisa. Nyumba ya miti na udongo, bati limeota kutu, ua wa makuti, kisima cha mawe, minazi kumi na kitu. Nilizaliwa humo. Nikaolewa, nikaachika, nikarudi humo humo, nikaolewa tena na mume akaja kukaa kwetu, watu wakasema wee mpaka wakachoka. Nikazaa mtoto mmoja tu, wa kike. Na bahari ilianza na sisi kwa adabu, nakwambia. Mwaka mmoja ikachukua mnazi. Mwaka mwingine choo. Tukasema aa, choo tutachimba kingine. Ikachukua jiko. Siku ilipolamba ukuta wa chumba tukapakia godoro na masufuria kwenye mkokoteni, tukaja Dunda kwenye chumba cha kupanga, na mpaka leo niko Dunda. Ukienda pale sasa, maji yakiwa yametoka, unaona duara la mawe ya kisima. Yakijaa huoni kitu.

Mwanangu hakuyaona hayo. Yeye alitangulia kabla ya jiko. Uzazi. Yeye na wa tumboni, siku moja. Akaniachia kasichana ka miaka mitatu, nikakalea.

Huyo ndiye mjukuu wangu ninayemsema. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi, ndiyo utani wetu. Babu yake alikuwa anamwita "mke wangu", basi mimi namwita mke mwenzangu. Naye ana mdomo! Nikimwambia, "Mke mwenzangu, leo unapika wewe," ananijibu, "Mimi bi mdogo, nakula zamu ya mapenzi. Jiko la bi mkubwa." Unamfanya nini mtu kama huyo?

Sasa huyu mke mwenzangu anajua kompyuta. Ana kibanda chake pale Dunda karibu na stendi ya bodaboda, anatoa kopi, anafufua simu zilizokufa, kompyuta za watu anazifungua matumbo na kuzifunga. Mimi shule niliishia la pili, nilichobakiza ni msahafu. Lakini nimekaa naye miaka yote nikiangalia, na mtu ukiangalia sana na wewe unaanza kujua.

Akaja akapenda gemu hizi za kuvaa miwani. Umeziona? Siyo miwani ya kusomea. Ni dude kama nusu ya beseni, linafunika macho yote, ukilivaa chumba kinapotea. Ukigeuza kichwa unaona nyuma yako, ukiinama unaona chini, na kote huko siyo hapa ulipo. Akasema anataka kutengeneza gemu yake mwenyewe, ya kombolela. Mmoja anahesabu, wengine wanajificha, kama tulivyocheza sisi. "Lakini wajifiche wapi?" akaniuliza. "Bibi, nipe ua wako."

Nikampa. Siku ngapi tumekaa kwenye mkeka naeleza! Kisima hapa. Kinu pale, kimeegemea mlango wa jiko. Kata ya kuchotea maji inaning'inia kwenye msumari uliopinda. Mnazi wa kwanza umeinama kama mtu aliyetukanwa. Yeye anaandika, anachora kwenye mashine, ananiuliza, "Msumari umepinda upande gani?" Raha gani kuulizwa vitu ambavyo hakuna mwingine duniani anavijua!

Halafu mimi ndiye niliyesema, "Na mama yako awepo, anafagia."

Akafunga ile kalamu yake. Akasema, "Bibi, mimi simjui mama."

Ni kweli, hamjui. Picha tunayo moja, ile ndogo ya pasipoti, na maji ya chumvi yamekula shavu lote. Lakini mimi namjua. Nikamwambia alivyokuwa akifagia ua asubuhi: mkono mrefu, mkono mrefu, mkono mfupi, kisha anaugonga ufagio wa chelewa kiganjani, ta, ta, chelewa zikae sawa. Hafagii vinginevyo. Ukiisikia ile ukiwa kitandani unajua kumekucha na kuna mtu nyumbani. Basi mjukuu akanipeleka nje, akanipa ufagio, akawasha simu, nikafagia ua wa mwenye nyumba hapa Dunda kwa mwendo wa mwanangu, yeye ananasa sauti. Mwenye nyumba akafurahi, ua umefagiwa bure.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja. Nimuone anafagia, halafu ageuke anitazame. Basi.

Sasa hapo ndipo panapoingia kupima. Mashine haikuoneshi ua, inauchora. Inachora picha, inaifuta, inachora nyingine, na kwa miwani ile inatakiwa ichore picha tisini kwa sekunde, yaani kabla hujamaliza kusema bismillahi. Na kila moja mara mbili, jicho la kulia na jicho la kushoto. Ikiweza, wewe uko pale. Isipoweza, unageuza kichwa na ua unakuja nyuma yako unaburuzika kama mtoto asiyetaka kwenda chuoni, na tumbo linasema, hapa nimedanganywa, linatoa vyake.

Basi ikawa hivi. Mimi nimesimama kwenye mkeka bila viatu ili miguu ijue niko wapi, beseni la kutapikia liko nyuma, miwani usoni. Yeye ameketi kwenye skrini ambako namba inaonekana. "Geuka kulia, Bibi. Taratibu. Sasa haraka. Inama. Angalia minazi." Akinisemesha mwenyewe anahesabu chini chini: sabini, hamsini na tano, hamsini, lo, kisima hiki. Kwa nini mimi? Nilimuuliza. Akasema vijana wanavumilia, wanakaza meno. "Wewe tumbo lako halidanganyi. Wewe ndiye kipimo changu."

Tumbo halidanganyi, sawa. Lakini tumbo lina mdomo juu yake! Mara tatu nilitapika, mara tatu akarudi kwenye mashine siku nyingi. Mara ya nne nikasema hapana, leo inapita.

"Vipi, Bibi?"

"Safi. Kama niko kitandani."

"Mbona umenyamaza?"

"Naangalia minazi."

"Bibi, namba inasema arobaini na moja. Hakuna binadamu aliye safi kwenye arobaini na moja."

"Basi mimi siyo binadamu, mimi bi mkubwa."

Nikameza. Akanivua miwani, akaniangalia nilivyobadilika rangi, akashika kiuno. "Kipimo gani hiki kinasema uongo?" Tukacheka mpaka nikatapika kweli, nje ya beseni.

Akaniambia tatizo ni kadi. Ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa kadi, hicho ndicho kinachochora. Yake ilikuwa dhaifu. Akaitafuta kubwa, iliyotumika, kwa watu wa Dar wanaouza vya mkononi. Akaisubiri vuli nzima na masika nzima. Ilipokuja ilikuwa kama tofali, ina feni tatu, na taa nyekundu na buluu kama jukwaa la taarabu. Akaifunga. Akanivalisha miwani.

Tisini.

Mwenzangu, nilitembea. Niliinama nikaona mchanga wa kwetu, ule mweupe wenye vipande vya simbi. Niligeuka haraka makusudi, ua ukageuka na mimi. Nilisogea mlango wa jiko, kinu kipo. Na pale kati, kanga imefungwa kifuani, mgongo umenielekea, mwanangu anafagia. Mrefu, mrefu, mfupi, ta, ta. Nikalia humo ndani, vioo vikaingia ukungu. "Bibi usilie," mjukuu anasema, "miwani ya kuazima hiyo!"

Nikamzunguka nimuone mbele. Nikizunguka, na yeye anazunguka. Kila nilikokwenda, mgongo.

"Mbona hageuki?"

"Uso bado, Bibi. Sikuwa na pa kuutoa. Na uso mzito, unaielemea mashine kuliko nyumba nzima. Lakini kwa kadi hii, nikipata wa kuniambia, tutauweka."

Wa kumwambia si ndiye mimi! Tukaanza kuutengeneza uso. Paji, pua, mwanya wa meno ya mbele, kovu dogo kwenye nyusi alilolipata alipoangukia mbuzi ya nazi. Namwambia shavu lipungue. Anapunguza. Namwambia hapana, umezidisha, huyo dada wa watu. Siku nyingine tuligombana kwa ajili ya kidevu.

Katikati ya hayo, ndipo lilipokuja la kuku.

Aliweka kuku kwenye gemu. Wanatoka upande wa kushoto, wanapita miguuni mwa mchezaji. Akaniuliza, "Umewaona kuku?"

"Kuku gani?"

"Hao hapo, kushoto kwako, wanadonoa."

"Mwanangu, hapa hakuna kuku."

Akashtuka. Akadhani mashine haichori pembeni. Akaanza kupima upya, siku saba. Anabadilisha waya, anapima jicho la kushoto, anapima la kulia, anapima joto la kadi, anaandika. Tisini, tisini, tisini. Akavaa yeye: kuku wapo. Akamvalisha mama muuza mihogo wa mlango wa pili: akapiga kelele, akaruka juu, kuku wapo! Basi akaja mchana kweupe, mimi nachambua mchele barazani, hana utani wowote. Akaniambia niangalie mbele. Akasema, "Bibi, hivi vidole vingapi?"

"Vidole vya nani?"

Alikuwa amevinyoosha hapa, pembeni ya shavu langu.

Nilikuwa najua. Nikwambie ukweli, nilikuwa najua tangu zamani. Bega linagonga mlango, nasema milango ya Dunda myembamba. Kikombe kinadondoka, nasema nani ameweka kikombe hapa. Nilimeza na hilo kama nilivyoyameza yale matapishi. Mashine ndiyo iliyonisema. Ilipimwa ikaonekana nzima, kwa hiyo mbovu akawa mimi.

Akanipeleka hospitali. Daktari, kijana wa watu mpole, akaniwekea dawa, akaniangalia na taa, akasema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone itachelewesha tu. "Mama, unaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba." Mjukuu akamuuliza mpaka lini. Daktari akasema hilo hawezi kulisema.

Ndipo tukawa tunapima vitu viwili, mashine na mimi. Mashine inapanda, mimi nashuka. Mjukuu akaacha kulala vizuri, akaacha hata kazi za watu kibandani, anafanya uso. Hakusema kwa nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa naweka matone na kungoja.

Siku ikafika. Asubuhi akaniambia, "Uso umekwisha, Bibi."

"Nipe miwani."

"Ngoja. Lazima niipime kwanza nao. Nikikuonesha halafu ikwame katikati, mama agande mdomo wazi, hutaisahau maisha yako. Naiacha ifanye kazi peke yake mpaka alasiri, na uso ndani, ua wote, kuku wote. Ikifika alasiri haijashuka tisini, unavaa." Akanishika mabega. "Usiiguse. Isizimwe, isisogezwe. Feni zitapiga kelele sana, usijali, ndiyo kazi yake. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bi mdogo. Nenda."

Akaenda kibandani. Nikakaa kitandani kuilinda.

Kabla ya adhuhuri wakaja wanawake wawili wa jirani kuazima kung'uto la kuchujia. Wakaiona mashine inawaka nyekundu na buluu, inanguruma. "Lo! Dude lote hili! Mjukuu wako ana akili mpaka inatisha! Hapa Bagamoyo nani anacho?" Na mwenzake, "Hiyo ni nyumba nzima imekaa mezani!" Nikangoja. Nikangoja waseme neno. Mtu akisifu kitu cha mwenzake kwetu anasema mashaallah, asije akakitia kijicho, hata mtoto anajua. Hawakusema. Nikaisema mimi mara tatu, kwa sauti, wakachukua kung'uto wakaenda.

Nikabaki na ile mashine. Inahema. Wallahi, inahema kama mtu. Na mimi naijua ile pumzi, nimeshaisikia. Maana mwanangu alipokuwa na mimba ile ya pili, walikuja watu namna hii hii, wakalisifu tumbo: zuri hilo, la mviringo hilo, la mtoto wa kiume hilo. Hakuna aliyesema neno. Na mimi mama yake nilikuwa nasuka ukili, nikasema nitafukiza kesho. Kesho nikasahau, na keshokutwa. Halafu akahema vile.

Sasa niambie wewe, ningekaa tu?

Nikatoa chetezo. Nikawasha makaa barazani mpaka yakaiva. Udi niliokuwa nimeutunza, nikachanganya na ubani kidogo. Nikachukua kanga ya mwanangu, doti nzima, ile aliyoniachia, nikaifunika mashine juu mpaka chini, kama tunavyofukiza nguo za bibi harusi: nguo juu, chetezo uvunguni, moshi ubaki ndani uingie kila uzi. Nikasoma niliyofundishwa. Sikuigusa. Aliniambia usiiguse, sikuigusa! Nilifunika tu.

Ile kelele ikapungua. Nikasema alhamdulillahi, imetulia. Nikarudi kitandani nikavuta tasbihi. Baada ya muda nikasikia harufu si nzuri, nikasema udi wa siku hizi wanachanganya na magome. Nikaendelea. Halafu kitu kikalia tak, kidogo tu, kama unavyovunja njugu. Kimya.

Nikaifunua kanga. Ilikuwa ya moto kama mkate wa kumimina unavyotoka jikoni. Taa zimezima zote.

Nikafungua dirisha, nikaficha chetezo, nikaikunja kanga. Ndiyo, nilificha. Mwanamke wa umri wangu.

Alasiri akaja anakimbia, nilimsikia viatu. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, sijui una nini leo."

Akasimama. Akaenda kwenye mashine, akaifungua ubavu. Akatia kidole kwenye feni, kikatoka na jivu. Akakinusa.

"Bibi, umeme wa leo unanukia udi?"

"Labda wa jirani."

Hakucheka. Akatoa ile sehemu ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye laptopu yake ndogo, akanifungulia nione kwa bomba langu. Mstari. "Huu ni joto," akasema. "Asubuhi uko chini. Hapa adhuhuri unaanza kupanda. Hapa feni zinashindwa. Hapa ndiyo mwisho." Unaona? Ile mashine yenyewe ilikuwa inaandika muda wote, kama yule malaika wa bega la kushoto, kila tendo na saa yake. Mimi namdanganya mtu, na kitabu kiko wazi mbele yetu.

Nikamwambia yote. Jirani, mashaallah, kanga.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniua. Akauliza, "Na picha, Bibi? Ilikuwa inakwenda tisini kabla hujafunika. Umeuona huo mstari wa pili? Ulinyooka. Ilikuwa inamweza mama." Nikasema sijui kusoma mstari. Akachukua kanga akaikunjua, akaiangalia, akaikunja upya kuliko nilivyoikunja mimi. "Ulikuwa unamlinda nani?"

"Mama yako."

"Haya," akasema. Akatoka nje.

Kadi ya namna ile haikupatikana tena. Aliandikia watu wote wa Dar. Moja ilikuja, imekufa tayari. Nyingine mwenyewe akaghairi. Tukabaki na laptopu. Na laptopu, masikini, ni punda wa kubeba ndoo, unampa gari.

Ndipo tukaanza kutoa.

"Bibi, tuondoe nini?" Ananiuliza mimi, maana ua ni wangu. Tukaanza na makuti ya minazi, yakabaki magogo. Namba ikapanda kidogo. Tukatoa kutu ya bati. Tukatoa kuku, mimi si nilikuwa siwaoni. Tukatoa vivuli, ua ukawa kama saa sita ya mchana siku zote. Kata na msumari wake vikaenda. Tulipofika kwenye kinu nikakataa.

"Hicho cha mama yangu."

"Kinakula picha tatu, Bibi."

"Tatu ni nini? Mwenye tatu haendi popote."

"Bibi. Tatu."

"Kitoe."

Kisima nacho kikaenda. Nikasema moyoni, bahari ilituchukulia choo, ikatuchukulia jiko, tukailaani. Sasa tunatoa wenyewe kwa mikono yetu, kitu kimoja kimoja, na tunashangilia namba.

Uso alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza namba ikaanguka mpaka kumi na mbili, nikatapika kabla sijaona chochote. Mara ya pili akaondoa kila kitu, ardhi na mbingu, akaacha giza na mwanangu peke yake, akasema, "Nitamgeuza polepole, Bibi, usitikise kichwa." Nikasimama kama nguzo. Akaanza kugeuka. Robo. Ikaganda hapo. Niliona sikio na ncha ya taya. Sikio lilikuwa lake, nakuapia, lile tundu la hereni la chini kupita la sikio la pili. Nikangoja. Mjukuu anagonga vitufe. Ikazima.

Sikio, basi. Hilo ndilo nililolipata.

Baada ya hapo bomba lilizibika haraka. Siku hizi naona mwanga wa mlango na mtu akipita ananiwekea kivuli. Haya nayasema, mjukuu anaandika.

Majuzi akaniambia, "Njoo, Bibi, simama kwenye mkeka. Nimebakiza ardhi na mama tu, mgongo." Akanivalisha. Nikaona weupe, kama uji.

"Washa."

"Imewaka, Bibi."

"Namba?"

"Tisini."

Nikasimama pale kwenye tisini yangu. Hakuna kilichokuja. Nilitaka kumwambia safi, kama niko kitandani, lakini uongo wangu umekwisha, naona niliutumia wote mapema. Nikaanza kutafuta mkanda wa miwani niivue.

Ndipo nikasikia. Mrefu. Mrefu. Mfupi. Ta, ta.

Nilikuwa nimeusahau ule ufagio. Kwenye kutoa kote kule hatukuwahi kuutaja. Ukaja kutoka mbele, ukapita mkono wa kulia, ukazunguka nyuma yangu kama vile mwenyewe anafuata ukuta wa makuti, ule ambao haupo hata kwenye mashine.

"Hiyo sauti inakula ngapi?" nikamuuliza.

"Haili kitu, Bibi. Sifuri."

Akaja akasimama na mimi kwenye mkeka, akanishika kiganja, akakigonga mara mbili kwa kidole chake. "Siku moja nitapata kadi," akasema. "Nitairudisha minazi, nitakirudisha kinu, watoto wa Dunda watajificha nyuma yake. Na watakuja wajuao waniambie punguza hiki, ondoa kile. Vyote nitatoa nikiambiwa. Lakini ufagio siutoi, mke mwenzangu. Hata libaki giza tupu, mama atafagia."